Tuwafundisheje madaktari kutumia altrasaundi kabla ya ganzi ya mgongo?

Daktari wa usingizi, Mwanza
Ndugu wanataaluma, salaam. Nimepewa jukumu la kuwafundisha madaktari sita wanaosomea usingizi, na idara yetu imepata mashine ya altrasaundi. Wiki iliyopita mmoja wao alimchoma mama mnene mara tano bila kupata majimaji ya uti wa mgongo. Mama yule alivumilia kimya, amekumbatia mto, na mwishowe tukalazimika kumpa usingizi kamili. Jambo hilo limeniuma. Nianze kuwafundisha nini, na nitajuaje kwamba mtu ameiva?

Daktari wa usingizi, Dar es Salaam
Pole, daktari. Waonyeshe kwanza kwamba kupapasa kwa vidole hakutoshi. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000, ambapo wagonjwa 100 walipigwa picha ya MRI, madaktari wa usingizi walitaja nafasi sahihi kati ya pingili kwa asilimia 29 tu, na aghalabu walikuwa juu zaidi ya walivyodhani. Kwa kuwa ugwe wa mgongo wa mtu mzima kwa kawaida huishia karibu na L1 au L2 (pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno), kosa la kwenda juu ndilo la kuogopwa.

Usianze na kuiongoza sindano papo hapo kwenye skrini. Wafundishe kutazama, kutia alama, kisha kuchoma kama walivyozoea. Wachukue probu (kile kichwa cha mashine kinachowekwa ngozini) ileile pana ya kutazamia mimba, waiweke wima kando kidogo ya mstari wa kati, waitafute sakramu, mfupa wa mwisho wa chini ya kiuno, inayoonekana kama mstari mweupe usiokatika, kisha wahesabu pingili kwenda juu, ambazo hufanana na meno ya msumeno. Baada ya hapo waigeuze probu ilale, wapime kina, yaani umbali kutoka ngozini hadi sindano inapotakiwa kufika.

Mkufunzi, Nairobi
Naunga mkono, ila wasikae mno kwenye migongo ya wembamba, ambako vidole vingetosha. Wafanye mazoezi wao kwa wao siku chache tu, kisha uwapeleke kwa wagonjwa wanene na wenye mgongo uliopinda, nawe ukiwa begani mwao.

Kalamu haiandiki juu ya jeli inayopakwa ngozini kwa ajili ya altrasaundi, kwa hiyo ngozi ifutwe pembeni mwa probu ndipo alama itiwe. Na jeli yote iondolewe kabla ya kusafisha ngozi kwa dawa, isije ikaingia na sindano. Mgonjwa akibadilisha mkao, alama haina maana tena.

Kuhusu kuiva, idadi ya mazoezi peke yake isiwe kipimo. Kila mmoja aandike daftarini kina alichokisoma kabla ya kuchoma, na kina ambacho sindano ilifika. Ukipitia tofauti hizo pamoja naye, utamjua.

Daktari wa usingizi, Mwanza
Nashukuru sana, daftari litaanza Jumatatu. Je, kwa upasuaji wa dharura, mtoto akiwa hatarini tumboni mwa mama?

Mkufunzi, Nairobi
Hapo asiyekuwa mwepesi bado asiiguse mashine. Ndiyo sababu wepesi huo utafutwe kwenye upasuaji uliopangwa.