Mkwara wangu kwenye poka hauaminiki tena, nifanyeje?

kijana_wa_igoma:
Wakuu habari za jioni. Jumamosi huwa tunacheza poka huku Igoma, texas holdem (kila mtu karata mbili za siri, na tano za wote mezani) mtindo wa tonamenti, tuko watu nane kila mmoja anaanza na vizibo 100 vya soda, vikiisha umetoka, na anayebaki mwisho anabeba sato mkubwa tuliyemchangia wote. Sasa juzi mwanzoni nilikuwa napandisha karibu kila mkono na watu wanatupa karata, baadae nikakamatwa na 7 na 2, karata mbovu kabisa, mbele ya watu wote, kuanzia hapo nikisukuma tu lazima mtu afate. Tumebaki watatu nikapiga mkwara wa vizibo vyote, jamaa akafata na jozi ya sita wala hakuwaza. Niache mkwara kabisa au?

dada_wa_mwaloni:
Pole mdogo wangu. Mimi nimekulia Kirumba, mbalamwezi ikiwa kali watu wa dagaa hawaingii ziwani maana dagaa hawafati taa wakati maji yote yanang'aa, na wewe ukishaonyesha ile 7 na 2 mwezi ulikuwa umeshatoka. Usihangaike kujisafisha, subiri asi mbili au jozi kubwa usukume vilevile kwa fujo ileile, watakufata wakijua ni uongo na watakulipa. Mkwara urudi ukishaonyesha karata za maana mara mbili tatu.

kijana_wa_igoma:
Asante dada, ila nikikaa kimya sana blaindi (vile vizibo vya lazima kuweka kabla ya karata) zinapanda zinanimaliza

babu_karata:
Kijana piga hesabu. Katikati kuna vizibo 20, ukisukuma 10 unahitaji watupe mara moja kati ya tatu ndo usipate hasara, ukisukuma 20 unahitaji nusu. Aliyekuona juzi hakupi hata hiyo moja, kwahiyo chagua mtu. Mwenye vizibo vichache sana hatupi, na mwenye rundo atafata ili akuone tu. Halafu kwenu analipwa mmoja! Kwenye tonamenti zinazolipa nafasi kadhaa watu wanabana sana wakikaribia malipo, hapo mkwara unapita kirahisi, kwenu wa pili na wa nane wote wanarudi mikono mitupu, sasa aogope nini.

Tafuta fainali ya World Series of Poker ya 2003 kule Las Vegas. Chris Moneymaker, mhasibu tu, yuko na Sammy Farha mchezaji wa kulipwa wamebaki wawili. Moneymaker ana K na 7, hajapata kitu, Farha ana jozi ya tisa na mezani hakuna karata inayozidi hiyo tisa, Moneymaker akasukuma vyote. Farha akawaza weee mwisho akatupa, na Moneymaker akaondoka na dola milioni 2.5. Kwa maoni yangu ilisaidia sana kwamba alionekana mgeni, mgeni nani anamdhania ana roho ile?

nyegezi_boy:
Naongezea moja, je huyo wa jozi ya sita huwa anatupa karata kwa mtu yeyote? Maana kuna watu nusu ya mchezo wako kwenye simu, hiyo 7 na 2 yako hata hawakuiona, wao wanafata kila kitu.

kijana_wa_igoma:
Duh mkuu, nikikumbuka vizuri yule hajawahi kutupa jozi tangu tuanze kucheza. Basi jumamosi yeye namsubiria na karata, mkwara nampigia shemeji anayekaa kushoto kwangu, yule anabana mpaka anakera.