AT, HT au MT: yapi yanafaa SUV ya foo wili?

Kiboko_4x4: Wadau, matairi yamebaki vipara, wiki hii nabadilisha yote manne. Nasita kati ya AT (ya njia zote) na MT (ya matope). Nichukue yapi?

Nati13: Mkuu, saizi gani? Lami ni asilimia ngapi ya safari zako? Unabeba mzigo au unavuta tela? Foo wili ni ya muda wote au ya kuunganisha?

Kiboko_4x4: Samahani. Ni 265/65R17 112S. Lami kama 80%, kwingine changarawe, na matope wakati wa mvua. Foo wili ni ya muda wote.

Nati13: MT achana nayo. Kashata zake (meno ya mpira yanayogusa chini) zimeachana sana. Kwenye matope zinajisafisha, lakini kwenye lami iliyolowa mpira unaogusa chini ni mchache na gari linachelewa kusimama. Chukua AT.

Fundi_Ringi: Kwa lami 80% mimi nasema HT (ya barabara kuu). Ni nyepesi, haina kelele, inashika vizuri kwenye mvua. Matope ya siku chache tafuta cheni.

Upepo_Kwanza: Cheni hazizuii kokoto kuchana ubavu, Fundi. Kiboko, AT zipo za kawaida na za LT (za magari mepesi ya mizigo), na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu ananunua LT kwa ubavu mgumu, kisha anajaza upepo wa kibandiko cha mlangoni. Kibandiko kile kinahusu tairi la kiwandani. LT inahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule. Ukipungua, ubavu unajikunja kila mzunguko, joto linapanda, mpira unaanza kuachana na waya. Kwanza usukani unatetemeka, kisha uvimbe unatokea, mwisho kashata inabanduka nzima mwendo ukiwa mkali. Fuata jedwali la mtengenezaji wa tairi, upime likiwa la baridi.

Kiboko_4x4: Nikiweka 265/70R17 gari linyanyuke?

Nati13: Kipenyo kinatoka 776 mm hadi 803, kwa hiyo gari linapanda milimita 13 tu. Spidomita ikisoma 100, unakwenda 103. Kata usukani hadi mwisho uone kama hayakwaruzi. Na spea iwe saizi hiyohiyo, la sivyo difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) itafanya kazi bila kupumzika.

Fundi_Ringi: Soma na tarakimu nne za mwisho za DOT (namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi): 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Mpira hukakamaa hata ukiwa stoo.

Upepo_Kwanza: Kiboko, la mzigo na tela bado hujajibu. Hiyo 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi.