Grini ikiwa juu ya kilima, unaongeza yadi ngapi?

shimo18
Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu WGT, ule mchezo wa gofu wa mtandaoni. Kanuni inayozunguka mitandaoni inasema kila futi 3 za mwinuko uongeze yadi 1. Bendera ikiwa yadi 152 na grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera) iko juu kwa futi 36, unapiga kama ya 164, na hapo inakubali. Lakini kwa mwinuko huohuo ukiwa yadi 95 na weji (fimbo ya kurusha mpira juu, umbali mfupi), mpira unapitiliza. Ukiwa yadi 200 na ayoni ndefu (fimbo ya chuma ya umbali mrefu), unaishia banka ya mbele, yaani shimo la mchanga. Upepo hakuna. Kosa liko wapi?

mbisho
Kanuni yenyewe si mbovu, ila imechukulia kwamba mpira unashuka kwa nyuzi 45. Kilima kinaukatiza mpira ukiwa bado njiani kushuka, na yadi unazopoteza zinategemea pembe hiyo. Chukua mwinuko kwa yadi, gawanya kwa tanjiti ya pembe ya kushuka. Futi 36 ni yadi 12, basi:

nyuzi 55: unaongeza 8.4
nyuzi 45: unaongeza 12
nyuzi 35: unaongeza 17

Weji inashuka wima, kwa hiyo ukiiongezea 12 umeizidishia. Ayoni ndefu inayoruka chini chini inadai zaidi ya 12. Pembe utaiona kwenye marudio ya shuti ukitazama kutoka ubavuni. Kukadiria kwa jicho kunatosha. Na usichukue fimbo ya yadi 200 ukaipiga nusu nguvu kufikia 164: mpira hauendi juu vya kutosha, pembe inalala, na hesabu yote inaharibika.

yadi_na_futi
Niongeze kosa moja la kijinga ambalo wengi wanalifanya. Mchezo ukiwa umewekwa kwenye mita, usigawanye kwa 3! Mita 11 za mwinuko kwa nyuzi 45 ni mita 11 za kuongeza. Yadi 152 ni mita 139, unapiga 150.

banka_la_mbele
Mbisho kamaliza upande wa hewani, ila mtu anaweza kupiga namba sahihi na bado akaumia, kwa sababu ukiwa chini huoni uso wa grini. Shimo la 15 la uwanja wa gofu wa Bethpage Black, New York, ni darasa zuri: grini iko juu, mabanka yanakusubiri mbele.

Kabla ya kupiga, kama mchezo wako unabadilisha namba ya mwinuko unaposogeza alama ya kulenga, isogeze kwanza hadi ukingo wa mbele wa grini, soma, kisha irudishe kwenye bendera. Ukingo ukiwa +31 na bendera +36, grini imeinamia kwako kwa futi 5: mpira utasimama haraka, lenga karibu na bendera. Ukingo ukiwa +37 na bendera +35, grini inakimbilia nyuma, tua mapema uache ubiringike. Bendera ikiwa imebanwa mbele, mimi naisahau kabisa na kulenga katikati. Pati (kuubiringisha mpira kwenye grini) ya futi 25 ni nafuu kuliko banka iliyo chini ya kilima.

shimo18
Shukrani wakuu. Na upepo wa kukujia usoni ukiwepo, unahesabiwa kabla ya mwinuko au baada?

mbisho
Baada. Kwanza mwinuko, upate fimbo. Kisha upepo kwa fimbo hiyo, maana ni urefu wa mruko wake ndio unaoamua upepo utauchezea kiasi gani. Ukianza na upepo utaupima kwa fimbo ambayo huipigi. Upepo ukikulazimisha kubadili fimbo, rudia hesabu ya mwinuko kwa pembe ya fimbo mpya.