Wachezaji wanaochungulia simu: nifupishe zamu, niwape kazi mezani, au nisuke visa vyao?

MshikaDadu (mwanzisha uzi)

Wakuu, nisaidieni kupima. Naendesha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi: mimi ndiye msimulizi, kila mchezaji anaendesha mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua) kwa kundi la wachezaji watano, mara moja kwa wiki, na tumeshafika kikao cha 14. Mwanzoni walikuwa wanagombania kuongea. Siku hizi wawili kati yao wakimaliza zamu yao tu, simu inatoka.

Juzi joka limemng'ang'ania mwenzao mguu, namgeukia mchawi: "Unafanya nini?" Akainua kichwa. "Ee? Ni zamu yangu? Kwani kimetokea nini?" Ikabidi nisimulie upya, na wengine nikawasikia wakishusha pumzi. Mzuka wote ukakata hapo hapo.

Nina njia tatu kichwani:

1. Kufupisha zamu za mapambano. Naweka saa ya mchanga ya dakika moja, na asiyeamua kwa wakati, mhusika wake anajikinga tu.
2. Kugawa kazi mezani. Huyu anachora ramani, yule anaandika kumbukumbu, mwingine anashika orodha ya zamu.
3. Kusuka kisa cha kila mhusika ndani ya hadithi kuu, ili kila mtu awe na lake la kufuatilia.

Kupiga simu marufuku sitaki, hawa ni watu wazima. Na muda wangu wa maandalizi ni jioni moja kwa wiki, kwa hiyo yote matatu kwa mpigo sitayaweza. Nyie mngeanza na lipi?

---

Kobe_wa_Pango

Kabla hujachagua, chukua saa upime raundi moja ya mapambano. Usikadirie, pima kweli.

Tuseme kila mchezaji anachukua dakika 4, na wewe na mazimwi yako dakika 5. Raundi nzima ni dakika 25. Mchawi wako akishamaliza, anakaa dakika 21 kabla ya kuitwa tena. Sasa angalia dadu ya pande 20: akihitaji 9 au zaidi ili apige, nafasi yake ni asilimia 60. Kukosa mara mbili mfululizo ni asilimia 16, yaani karibu mmoja kati ya sita. Huyo mtu amekaa kwenye kiti dakika 50 na hajagusa chochote katika hadithi. Mimi ningeshatoa simu zamani.

Kwa hiyo kura yangu ni namba 1, ila bila saa ya mchanga. Yanayopunguza dakika kwangu ni haya:

Ukimwita mmoja, mtaje na anayefuata. "Mpiga upinde, zamu yako. Mchawi, jiandae." Hilo peke yake linaondoa ile "kwani kimetokea nini".

Dadu ya kushambulia na dadu za madhara, zile zinazosema adui ameumia kiasi gani, zirushwe kwa pamoja. Ukikosa, za madhara hazihesabiwi.

Na wewe acha kurusha madhara ya mazimwi. Dadu mbili za pande 6 ukijumlisha 3, wastani ni 10. Toa 10, songa mbele. Wastani wenyewe umeshaandikwa kwenye maelezo ya zimwi, watu wengi wanaupita tu.

---

Bibi_Kete

Naunga mkono hesabu, na saa ya mchanga naipinga kwa nguvu zote. Niliwahi kuiweka. Mchezaji wangu mmoja ni mtu wa kuwaza taratibu, na akiwaza anakuja na mambo ambayo mimi mwenyewe siyategemei. Tangu ile saa ikae mezani, kila zamu yake ikawa "napiga kwa upanga". Vikao vitatu, upanga mtupu. Zamu zilifupika kweli, lakini na yeye nilimpoteza.

Kuna njia hujaiorodhesha: zamu za upande mzima. Kwenye toleo la Basic la mchezo huu, la 1981, kila upande ulirusha dadu moja ya pande 6, na upande ulioshinda ulitangulia wote kwa pamoja. Ukiirudisha leo, hakuna anayesubiri dakika 21, kwa sababu zamu ni ya wote na wanapanga pamoja: "Wewe mvute huku, mimi nimwagie mafuta."

Ubaya wake niuseme pia. Wenye sauti kubwa wanageuka makamanda. Halafu upande unaotangulia unaweza kumaliza pambano kabla wenzao hawajanyanyua mkuki, na hapo joka lako la wiki nzima linakufa kama kuku. Mimi naitumia kwenye mapambano madogo tu. Likija pambano la kufa na kupona, narudi kwenye zamu ya mmoja mmoja.

---

Mwandani

Niongelee namba 2, maana wengi huigawa vibaya. Kumpa kazi mtu aliyechoshwa bila kuangalia kazi yenyewe ni kumwongezea mzigo. Kuandika kumbukumbu, kwa wengi, ni kurudi darasani. Orodha ya zamu ni afadhali kidogo, angalau aliyeishika hawezi kupotea nani anafuata.

Ramani ndiyo kiboko. Mimi nasimulia kwa mdomo tu, "ukumbi hatua 30 kwenda kaskazini, mlango kulia", mchezaji anachora, na akikosea nakaa kimya. Watakwenda na kosa lao hadi liwaumize.

Siku moja mchoraji wangu, mtu ambaye kikao kizima huwa anasema maneno kumi, alisimamisha penseli. Akageuza karatasi, akaigeuza tena. Akasema: "Hapa kati ya jikoni na kanisa kuna nafasi tupu. Kuna chumba hatujakiona." Mimi sikuwa na chumba pale. Nilikosea vipimo tu. Wote watano wakainamia ile karatasi. Nikameza mate, nikasema: "Tafuteni." Chumba nilikitunga wakati wanagonga ukuta.

Kazi nyingine inayolipa: mhusika wa mtu akiwa hayupo kwenye tukio, mpe zimwi aliendeshe. Wachezaji wanapiga wenzao bila huruma kuliko msimulizi yeyote, na hakuna anayekumbuka simu akiwa anajaribu kumtafuna rafiki yake.

---

Sauti_Ndogo

Mimi ndiye yule mchezaji asiyeongea, kwa hiyo naleta upande wa pili wa meza.

Msipime kwa mdomo. Kuna vikao nimesema sentensi nne, nikarudi nyumbani nikakosa usingizi kwa raha. Mikono yangu lazima iwe na kitu, nachora vichwa vya mazimwi pembeni ya karatasi ya mhusika, na nasikia kila neno. Msimulizi wangu wa zamani aliona nachora akadhani sipo. Akaanza kunisimamisha mbele ya wote: "Na wewe, mhusika wako anajisikiaje?" Hilo swali linanikausha koo. Baada ya miezi miwili niliacha kwenda.

Wa sasa hivi anafanya tofauti. Anasema: "Wewe ndiye uliye mbele. Mlango wa kushoto unatoa harufu ya moshi. Wa kulia umefungwa kwa nje. Upi?" Hapo najibu sekunde ileile, na jibu langu linawapeleka watu wote mahali fulani. Kwangu mimi swali lenye njia mbili linashinda namba 1, 2 na 3 zote, na halina maandalizi yoyote.

Halafu MshikaDadu, umetwambia simu zinatoka. Hujatwambia wanaangalia nini. Umewauliza?

---

Kobe_wa_Pango

Hilo la mwisho limenichoma mimi, na si mimi niliyeanzisha uzi.

---

Fundi_wa_Visa

Nitetee namba 3 kabla haijazikwa, ingawa naijua gharama yake kuliko wengi humu.

Makosa yanaanza hivi: unawaomba wachezaji historia za wahusika wao, mmoja anakuletea kurasa nne, mwingine mistari miwili. Unampenda wa kurasa nne. Unamtengenezea kikao kizima cha kaka yake aliyepotea. Yeye analia machozi mezani, na wenzake wanne wamegeuka watazamaji. Umemshika mmoja, umewaachia wanne.

Dawa niliyoipata ni kutosuka kisa cha mtu mmoja kamwe. Kila uzi lazima ushike wahusika wawili. Anayemdai mwizi ndiye huyohuyo aliyemuuzia kuhani hirizi bandia. Kuhani akimtafuta tapeli wake, mwizi ana sababu ya kumvuta mkono waondoke. Hapo watu wawili wanavutana, na wengine watatu hawana budi kuchagua upande.

Na kurasa nne sitaki tena. Naomba mistari mitatu: nani unamdai, nani unamwogopa, nini hutaki wenzako wajue. Mistari mitatu mara watano ni kumi na mitano, jioni moja inatosha na chenji inabaki.

Nyongeza kwa watu wa Kobe. Kinachomtoa mtu kwenye simu mara nyingi ni kuona kwamba jambo linakuja hata asipofanya kitu. Wanaocheza Blades in the Dark, mchezo mwingine wa aina hii, wanajua zile saa za kuchora: duara umelikata vipande 4, 6 au 8, unajaza kimoja kila mambo yakienda kombo. Andika juu yake "Walinzi wanaamka", iweke katikati ya meza wote waione. Hutahitaji saa ya mchanga.

---

Bibi_Kete

Fundi, hiyo saa ya duara nakubali, lakini si kila kikao. Wangu walifika mahali kila duara wakiliona wanakimbia, hawaongei na mtu, hawafungui sanduku. Nilikuwa nimemwandaa mzee wa mtumbwi mwenye siri nzito, wakampita kama mti.

---

Fundi_wa_Visa

Kweli, dada. Ukiiweka kila mara inakuwa kelele tu. Mimi mara moja katika vikao vitatu hivi.

---

MshikaDadu

Nimerudi baada ya vikao viwili. Samahani kwa ukimya.

Swali la Sauti_Ndogo lilinisumbua, basi nikawapigia wale wawili, mmoja mmoja, si mbele ya kundi.

Mchawi alicheka. Muda wote ule alikuwa anasoma maelezo ya uchawi wake kwenye simu! Kila akipanda ngazi anaongezewa uchawi mpya, kila mmoja una aya nzima, na anaogopa kukosea mbele ya watu. Ndiyo maana hakujua joka limemshika nani. Jioni yangu ya maandalizi nikaitumia kumtengenezea kadi za karatasi: jina, umbali, dadu, inafanya nini kwa mstari mmoja. Simu yake sijaiona tena.

Wa pili anacheza mwizi. Yeye hakucheka. Alinijibu: "Tangu kikao cha tisa sijakutana na kufuli." Nikabisha. Nikafungua daftari langu. Vikao vitano, hakuna kufuli, hakuna mtego, hakuna mfuko wa kuchomoa. Mapambano matupu, na kwenye mapambano mhusika wake ana kisu kidogo. Nilikuwa najiandaa kumsukia kisa cha utoto wake, kumbe mtu anataka mlango uliofungwa.

Niliyoyajaribu, kwa wanaofuatilia ulinganisho:

"Jiandae" ya Kobe na wastani wa madhara: raundi ilikuwa dakika 26, sasa ni 14. Nimepima kweli. Hiyo inabaki.

Ramani ya Mwandani: nilimpa mpiga upinde. Anachora vibaya mno na anafurahi mno. Mara mbili wameingia shimo lilelile.

Duara la Fundi: nililiharibu mwenyewe. Nililikata vipande 4, likajaa kabla ya saa ya kwanza kuisha, halafu sikuwa na la kufanya na hao walinzi walioamka. Kikao kijacho vipande 8.

Zamu za upande mzima: sijajaribu, yule kamanda wetu namjua.

Mistari mitatu nimeomba. Wamejibu watatu.

---

Sauti_Ndogo

Na kufuli umempa?

---

MshikaDadu

Nimempa. Kasha la chuma, kufuli lina matundu matatu ya funguo. Akavuta kiti karibu, akarusha dadu: 3. Halikufunguka. Kikao kikaishia hapo, wakalibeba hivyohivyo.

Tangu jana wanatumiana ujumbe kwenye kundi letu la simu, wanabishana lile tundu la katikati lina sumu au halina. Sikuwa nimeweka sumu. Sasa nimeweka.