Familia imeamua nitoe kipande cha ini nimpe kaka yangu mlevi. Nina haki ya kukataa?

Kitindamimba
Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari zenu.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto wa miaka mitatu. Kaka yetu mkubwa ini limesinyaa, na sababu ni pombe. Alianza na bia za wikiendi, akahamia viroba enzi zile vinauzwa hadi gengeni kwa muuza nyanya, na vilipopigwa marufuku mwaka 2017 akashuka kwenye gongo. Mwishoni mwa mwaka jana tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano, usiku mmoja akatapika damu. Tangu atoke wodini hajagusa glasi, hilo nakiri, wifi hamwachi hata dakika.

Daktari anasema dawa zinamsogeza tu, apandikizwe ini, na wametuelekeza India. Ndugu ndiye atoe kipande. Jumamosi kikao cha ukoo kikakaa. Kaka wa pili ana homa ya ini B, dada ana kisukari, nikabaki mimi. Baba mdogo akafunga kikao kwa kusema, "Huyu ndiye aliyekusomesha, sasa ni zamu yako." Hakuna aliyeniuliza. Wakaanza kujadili kiwanja kipi kiuzwe.

Ni kweli alinisomesha. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, ada akalipa yeye mpaka chuo. Na ni yeye huyo huyo aliyekunywa hela ya mama ya kutolewa mtoto wa jicho. Mume wangu hataki hata kusikia habari hizi. Mama hasemi neno, ananitazama tu. Naogopa kufia mezani, ila kinachonitisha zaidi ni apone halafu nimkute kilabuni. Nikikataa nitakuwa nimemuua?

Mzee wa Kijiwe
Kataa. Alipokuwa anakunywa alikuita kwenye kikao?

Shangazi Tabata
Mzee wa Kijiwe, una ndugu wewe? Binti, pole sana. Ada ya shule ni deni la fedha, hulipwa kwa fedha au kwa kuwalea wanawe. Huyo baba mdogo yeye kundi lake la damu limepimwa?

Tabibu wa Zamu
Dada, nafanya kazi wodi ya magonjwa ya ndani, hospitali siitaji. Umechanganya maswali mawili, tuyatenganishe.

La kwanza ni kama mlevi anastahili ini. Hilo limewagombanisha wenzetu miaka mingi, kwa sababu kwao ini hutoka kwa marehemu na foleni ni ya wote. Mwaka 1991 Alvin Moss na Mark Siegler waliandika katika JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, kwamba walioharibu ini kwa pombe wasipewe nafasi sawa na wengine, wakahofia pia kuwa umma ungeacha kujitolea viungo. Jarida hilo hilo likachapisha hoja ya Carl Cohen na Martin Benjamin ya kuwapinga: hatuwapimi wagonjwa wengine kwa tabia zao, iweje tuanzie hapa? Halafu akaja George Best, yule mchezaji wa zamani wa Manchester United. Alipandikizwa London mwaka 2002, akarudi kwenye pombe, akafariki Novemba 2005. Waingereza walikasirika sana, kwa sababu ini lile lingeweza kwenda kwa mwingine.

Kwako hakuna foleni. Usipotoa, kipande chako hakiendi kwa mtu wa Mbeya anayestahili zaidi, kinabaki tumboni mwako. Kwa hiyo hoja ya "anastahili au hastahili" haikusaidii sana, hata ikiwa na ukweli. Swali lako ni la pili: wewe unataka, na hatari yake unaikubali?

Hatari ipo. Mtu mzima akipewa, mara nyingi hukatwa upande wa kulia, ambao unaweza kufika asilimia 60 ya ini lote. Linaota tena na kukaribia ukubwa wake ndani ya miezi michache. Lakini watoaji kama 2 hadi 5 kati ya 1,000 hufariki, na wengi zaidi hupata matatizo ya kati: nyongo kuvuja, maambukizi, ngiri kwenye mshono. Wewe ni mzima, hakuna ugonjwa unaotibiwa kwako. Ndiyo maana ridhaa yako ndiyo inayobeba kila kitu, na ridhaa ya kikao cha ukoo si ridhaa.

Mwaka wa Saba Mkavu
Mimi nilikuwa mlevi. Nimepita nyumba ya upataji nafuu Zanzibar, leo nina kazi na watoto wananisalimia. Sitakwambia utoe. Ila nimesoma maneno ya humu nikaumia. Mnadhani mtu anakunywa hela ya jicho la mama yake kwa raha? Nilikuwa natetemeka asubuhi mpaka nishike kikombe kwa mikono miwili, na namchukia yule anayeniuzia huku namshukuru. Huu ni ugonjwa. Muulize kaka yako jambo moja: anatibiwa ulevi, au analindwa na mke tu? Kulindwa kunaisha siku mke akisafiri.

Mzee wa Kijiwe
Ugonjwa gani unanunuliwa kwa hela yako mwenyewe?

Mwaka wa Saba Mkavu
Kisukari cha soda, mkuu.

Tabibu wa Zamu
Hahaha. Mkavu kagusa penyewe. Vituo vingi vilikuwa na kanuni ya miezi sita bila pombe kabla ya kupandikiza. Watu huiona kama adhabu, lakini ina sababu ya kitabibu: ini la mlevi aliyeacha huweza kujirudi kiasi, upasuaji usihitajike kabisa. Udhaifu wake ni kwamba wengine hufa ndani ya miezi hiyo sita. Ufaransa na Ubelgiji wakajaribu kuiruka. Matokeo yalitoka mwaka 2011: wagonjwa 26 wenye ini lililovimba vikali kwa pombe, dawa zimeshindwa, walipandikizwa bila kusubiri. Baada ya miezi sita walikuwa hai asilimia 77, wakati wasiopandikizwa walikuwa asilimia 23. Waliorudia kunywa ni watatu. Lakini walichujwa sana, familia nzima ikiwa nyuma yao. Kwa waliopandikizwa kwa jumla, takriban mmoja kati ya watano hurudi kunywa kwa kiwango fulani, na si wote hao hunywa mpaka kuliharibu ini jipya.

Kwa hiyo uliza alama zake za MELD, yaani kipimo cha ini limechoka kiasi gani, ni ngapi. Huanzia 6 hadi 40, hupigwa hasa kwa vipimo vya damu: bilirubini (umanjano), kreatinini (figo) na kuganda kwa damu. Zikiwa zinashuka tangu aache, mna muda. Zikipanda, hamna.

Mama Kovu
Nilitoa kwa mama yangu, Delhi. Yake haikuwa pombe. Kovu langu lina umbo kama la herufi L, bado linawasha wakati wa baridi. Nilikaa wodini kama wiki hivi, lakini kilichonishinda ni kurudi nyumbani na mtoto mdogo na kukatazwa kumbeba. Alilia mlangoni na mimi nalia ndani. Wako ana miaka mitatu, panga hilo mapema.

Na karatasi! Sheria ya India ya 1994 ni kali kwa wageni. Vyeti vya kuzaliwa, barua ya ubalozi, halafu kamati inakuhoji huku unarekodiwa. Wanauliza kama umelazimishwa au umelipwa. Fedha nayo: kwa dola elfu thelathini hivi mtaanza, na bado nauli, chumba cha kupanga na dawa za kuzuia mwili usilikatae ini, ambazo atameza maisha yake yote. Kiwanja kimoja hakitoshi, mwambieni baba mdogo.

Abuu Salim
Kwa ndugu Waislamu watakaopita hapa: Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kuhamisha viungo kwa masharti, mojawapo ni mtoaji asipate madhara yanayovuruga maisha yake, na atoe kwa hiari. Kwa hiyo hata penye ruhusa, hakuna wajibu.

Kitindamimba
Nimesoma yote, asanteni. Abuu, sisi ni Walutheri ila nimekuelewa. Tabibu, nikisema sitaki, nitaishije na watu hawa? Mama atajua.

Tabibu wa Zamu
Omba kuonana na daktari wa upande wa mtoaji peke yako, bila wifi, bila baba mdogo. Vituo vinavyojiheshimu humpa mtoaji daktari wake, tofauti na wa mgonjwa. Mwambie ukweli. Ukikataa, familia itaambiwa tu kwamba hukufaa kuwa mtoaji, sababu haitajwi. Vilevile unaweza kubadili mawazo mpaka dakika ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Wapo wanaoona huko ni kudanganya familia. Mimi naona siri ya mgonjwa ni yake, na wewe ukishaanza vipimo ni mgonjwa wetu.

Shangazi Tabata
Na mume umuingize chumbani kwa daktari siku ya pili, si ya kwanza.

Kitindamimba
Nimepata nafasi ya Alhamisi, nitaenda peke yangu. Kabla ya hapo nitamuuliza kaka ana kwa ana kuhusu kutibiwa ulevi, maana kwenye kikao yeye pia hakuulizwa kitu, alikaa kona anatazama miguu yake ilivyovimba. Mkavu, naomba nikufuate pembeni unipe jina la hiyo nyumba ya Zanzibar.

Mwaka wa Saba Mkavu
Njoo dada. Mwambie aje na mke wake, siku za mwanzo wanakubali ndugu mmoja.