Jenereta ya ndani au niongeze altaneta? Ndege ya kujiundia, Rotax 912

MjenziArusha
Wakuu habari za leo. Ndege yangu ya viti viwili imebakiza injini na umeme. Rotax 912 ina jenereta yake ya ndani, ila nimeshauriwa niongeze altaneta ya nje ya ampea 40, ile ya mkanda. Kuna ndugu yangu anakuja wiki ijayo, anaweza kunibebea. Ninunue au niache?

Waya_Mwekundu
Mkuu, toleo gani, ULS au iS? Ya iS umeme ukikata na injini inazima. ULS moto wa plagi zake hautegemei betri. Halafu umefunga vifaa gani? Bila orodha ya ampea tunabahatisha.

Kipanga
Chukua altaneta. Kilo 3 tu, na amani ya moyo juu.

Waya_Mwekundu
Kilo 3 puani, kaka, na mkanda wa kukagua kila mara. Tusubiri orodha.

MjenziArusha
Samahanini, ni ULS. Skrini mbili jumla ampea 5, transponda (ya kujitambulisha kwenye rada) 1, redio 1 nikisikiliza na 5 nikiongea, taa za LED 3, pampu ya akiba ya mafuta 1.5. Nafikiria na hita ya pito (kile kibomba cha kupima kasi), 8.

Waya_Mwekundu
Bila hita ni 11.5. Jenereta ya ndani inatoa wati 250 kwenye mizunguko 5,800, kama ampea 18, na ukipunguza mafuta inashuka. Mzigo wa kudumu mimi sivuki asilimia 80, yaani 14 na ushee. Upo salama. Ukiweka hita unafika 19.5, umeshapitiliza.

BintiPwani
Msiishie kwenye ampea, joto nalo linaua. Mzigo wangu ulikuwa 9 tu. Natoka Ukunda kwenda Malindi, nimeshapita Kilifi, volti zikaanza kushuka: 13.8, 13.1, 12.4. Nikazima taa na skrini, nikabaki na redio. Injini haikutetereka. Nilipotua nikafungua kava: soketi ya regyuleta (kidhibiti volti cha jenereta) imekuwa kahawia, waya mmoja wa njano umegandana na plastiki, ukiugusa unakatika kama biskuti. Niliifunga mwenyewe karibu na ekzosti, hewa haifiki. Sasa nimeihamisha na kuiwekea bomba lake la hewa.

Kipanga
Si ndiyo hapo! Ya ndani ikifa, ya nje inakubeba.

BintiPwani
Mimi ilinibeba betri. MjenziArusha, yako ni ya aina gani?

MjenziArusha
Lithiamu, nimefuata wepesi.

Waya_Mwekundu
Hiyo ikiwa tupu inavuta umeme kwa pupa, jenereta ndogo inazidiwa. Ijaze chini kabla ya kuruka.

Kipanga
Lithiamu karibu na miguu yangu, hapana. Ya asidi nzito lakini naijua.

BintiPwani
Kaka, lithiamu ya fosfati ya chuma si sawa na ya simu.

MjenziArusha
Hita naiacha basi. Naruka mchana tu. Ila siku nikichelewa kutoka Mafia, giza la huku halisubiri mtu. Taa ya kutua sikuihesabu.

Waya_Mwekundu
LED au halojeni? Halojeni ya wati 100 peke yake ni ampea 7.