Tupeane uzoefu: mitishamba ya kusafisha ini na balaa la kabla ya siku zetu

Mwana wa Chumbageni
Habari zenu. Leo nikitoka Tanga kuja Dar, tulipofika Segera akapanda yule kijana wa dawa, mnawajua. Chupa ya maji ya nusu lita, ndani kitu cheusi, elfu tano, inasafisha ini, figo na kizazi kwa mpigo. Akaanza: "Dada zangu, mkikaribia siku zenu mnagombana na kila mtu, matiti yanauma, chunusi kidevuni. Hilo ni ini limechoka!" Wanawake basi zima kimya, kila mtu anajijua. Mie sikununua, ila maneno yake yamenikaa, maana wiki moja kabla ya siku zangu mume wangu huhamia sebuleni mwenyewe bila kuambiwa. Mliotumia mitishamba, iwe ya ini iwe ya chango, yale maumivu ya hedhi, njooni mseme. Kipi kilisaidia na kipi kilikula hela tu?

Mama Wawili
Chunusi kidevuni! Huyo kijana kanisema mimi.

Bibi Shamba
Tangawizi, wanangu. Mbichi, siyo ya unga wa dukani. Kipande cha urefu wa kidole gumba, usimenye, kwaruza tu kwa kisu na uiponde. Maji vikombe viwili, chemsha mpaka kibaki kimoja. Anza siku moja au mbili kabla, usingoje mpaka umekunjamana kitandani. Binti zangu wote wamekua na hiyo. Haiondoi hasira, nisidanganye. Tumbo na kiuno vinatulia.

Kipanga wa Ubungo
Samahani lakini ini na hedhi vinahusiana wapi? Si mmeze panado muendelee na kazi.

Mama Wawili
Kipanga kaka yangu, ukishawahi kublidi njoo utushauri.

Kipanga wa Ubungo
Nimeuliza swali tu, matusi ya nini.

Tabibu wa Zamu
Swali lake siyo baya. Ini ndilo linalovunja homoni ya estrojeni ikishafanya kazi yake, hapo ndipo wauza dawa wanapopata pa kushika. Lakini wanawake wengi wenye shida hizi, ukiwapima, homoni ziko kawaida na ini zima. Tofauti ni jinsi ubongo unavyopokea kupanda na kushuka kwa homoni baada ya yai kutoka. Ndiyo maana dalili zinakuja wiki moja au mbili kabla na zinakata damu ikianza. Ini lililochoka lisingejua kalenda.
Na Kipanga, hiyo panado nayo ina mpaka: za miligramu 500 zisizidi nane kwa saa 24, na siyo kuchanganya na pombe. Ukizidisha, ndiyo inayoua ini kweli.

Shangazi Mkwaja
Mie sijui ini wala estrojeni. Najua mchunga. Ule mchungu wa porini, unachemsha, unamwaga maji ya kwanza, unaunga na nazi. Nikiula ile wiki ya hatari, choo kinakuwa laini na tumbo halijai upepo. Ila shubiri kaeni nayo mbali, inaendesha vibaya, na ukiwa na mimba usiiguse kabisa.

Mwana Unguja
Hamjataja uwatu. Loweka usiku, asubuhi kunywa maji yake na mbegu utafune. Chango langu limepungua sana. Shida yake harufu: jasho, nguo, mto wa kulalia, vyote uwatu. Wenye sukari na mnatumia dawa zake mwe waangalifu, uwatu unashusha.

Mama Wawili
Harufu ya uwatu na hasira za mwisho wa mwezi, huyo mume wa Mwana wa Chumbageni atahama mtaa.

Mgeni Njiani
Nilikuwa napita, ila hii mada imenigusa. Mdogo wa mke wangu tunaishi naye hapa Morogoro. Kila mwezi ni kulala sakafuni na chupa ya maji ya moto tumboni. Rafiki yake akamletea unga wa kijani kwenye mfuko wa nailoni, hauna jina, hauna tarehe, hauna chochote. "Unasafisha ini na kizazi." Kijiko asubuhi, kijiko jioni, maji ya moto.
Mwezi wa kwanza alisifia, mpaka mke wangu akataka kuanza. Halafu shemeji akakosa hamu ya kula. Kitunguu kikikaangwa tu anakimbilia nje kutapika. Nyumba nzima tukahesabu mimba, mama mkwe akaanza maswali ya mafumbo mezani, mtoto wa watu analia anaapa. Kisha usiku akawa anajikuna viganja na nyayo, tukasema mzio. Siku moja mke wangu akakuta mkojo chooni haujamwagiwa maji, mweusi wa soda. Akamvuta shemeji mpaka mlangoni kwenye mwanga, akamshusha kope la chini. Njano.
Sasa sikilizeni hapa. Tulimpigia yule muuzaji. Akajibu bila hata kusita: "Hiyo ndiyo sumu inatoka, mwambie aongeze kijiko." Na shemeji akaongeza! Siku iliyofuata analala mchana kutwa, ukimwamsha anajibu vitu ambavyo hujamuuliza. Tulikodi gari usiku huohuo.
Hospitali wakapima, homa ya ini B hana, C hana, vipimo vya ini viko juu sana. Daktari anauliza "unatumia dawa gani?" Yeye: "hakuna." Kwake ule unga haukuwa dawa, ulikuwa majani tu. Mke wangu akatoa mfuko kwenye mkoba akauweka mezani. Daktari hakuapa kwamba ndio wenyewe, alisema waanze kwa kuuacha. Wakauacha. Njano ikawa inapungua polepole sana, kuwashwa ndiko kulikoisha mwisho.

Mama Wawili
Yesu wangu. Alipona lakini?

Bibi Shamba
Pole mwanangu. Mpe pole na mama mkwe, naye aombe radhi.

Mti Dawa
Kila siku mnachafua tiba asili kwa ajili ya matapeli. Babu zetu waliishi na nini? Kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili. Nendeni kwa waliosajiliwa.

Kipanga wa Ubungo
Hao babu zetu nao walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kunywa dawa ya yule mchungaji mstaafu, kikombe shilingi 500.

Mti Dawa
Usilete ya Samunge hapa, hata mawaziri walikunywa. Tunaongelea mimea.

Kipanga wa Ubungo
Kikombe kilikuwa cha nini kama siyo mmea?

Wambui wa Kiambu
Wacheni vita, nisaidieni. Huku kwetu kuna mmea wa majani mapana yenye manyoya, tunauita mabaki, kwa Kiingereza comfrey. Watu hulisha sungura, wengine hupika mboga, na mama mmoja kanisani anatuambia chai yake ni dawa ya ini na maumivu ya mwezi. Ni kweli?

Tabibu wa Zamu
Dada Wambui, hiyo mwachie sungura. Ina kemikali zinazoziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini lenyewe. Mwaka 2001 mamlaka za Marekani ziliwataka watengenezaji waondoe sokoni bidhaa zake za kumeza. Hata manjano: ya kwenye mchuzi haina neno, lakini vidonge vilivyokolezwa, hasa vyenye pilipili manga ili mwili uvinyonye zaidi, Italia walivitolea tahadhari mwaka 2019 baada ya watu kuugua ini. Mmea kuwa chakula hakuufanyi salama ukishakamuliwa ukawekwa kwenye kidonge.

Mwana Unguja
Nasikia Ulaya wanawake wanapewa dawa ya matunda ya mti ndugu wa mfuu wetu kwa matiti kuuma na hasira. Sasa mafuu ninayokula tangu utoto mbona hayanitulizi?

Tabibu wa Zamu
Ndugu, siyo yuleyule. Huo wa Ulaya umepimwa na kwa baadhi unasaidia, ila unagusa homoni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au anayetafuta mtoto aulize kwanza. Mafuu kula kwa utamu wake.
Kitu rahisi ambacho watu hawakitaji ni kalsiamu. Utafiti wa Marekani wa 1998 walitumia miligramu 1,200 kwa siku, dalili zikapungua kufikia mzunguko wa tatu. Ipo kwenye dagaa, maziwa, mtindi.

Shangazi Mkwaja
Kumbe dagaa! Mtaani kwetu wangekuwa wapole wote.

Siri ya Afya
Wapendwa nina dawa ASILI 100% inasafisha ini ndani ya siku 7, haina madhara, njoo inboksi.

Mama Wawili
Wewe umesoma habari ya shemeji au umeruka?

Mwana wa Chumbageni
Siri ya Afya ndiye yule wa Segera, nakubali kuapa. Asanteni wote. Mgeni Njiani hujamjibu Mama Wawili, shemeji yukoje? Na maumivu ya mwezi anayafanyaje sasa?

Mgeni Njiani
Mzima, ananenepa. Walisubiri ini litulie, ndipo daktari akamwandikia ibuprofeni, anameza akishakula, siku ile ya kwanza tu. Na tangawizi, ya aina hiyohiyo ya Bibi Shamba. Ule mfuko mama mkwe kauficha kabatini, anasema hela ilishatumika.

Bibi Shamba
Autupe chooni leo!

Kipanga wa Ubungo
Kwa hiyo mwisho wa yote ni vidonge. Nilisema mimi toka mwanzo.

Mama Wawili
Ulisema panado, yeye kasema ibuprofeni baada ya kula. Kaa chini Kipanga.

Tabibu wa Zamu
Mwenye vidonda vya tumbo hiyo ibuprofeni asiiguse lakini.